Unataka Kununua Kwadi? Iendeshe Kwanza, Pesa Ifuate Baadaye

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, ukapita Kiserian na kuendelea kupanda, unafika pahali panaitwa Kona Baridi. Jina halidanganyi. Upepo wa hapo unaingia hadi kwa mifupa, na ukiangalia chini unaona Bonde la Ufa limetandazwa kama mkeka, barabara ikiteremka kuelekea Olepolos, Olorgesailie na mwishowe Ziwa Magadi. Wikendi, njia za vumbi zilizo pembeni hujaa pikipiki za matope na kwadi, zile mashine za magurudumu manne ambazo watoto wakiziona lazima wapige kelele.

Mimi nilipanda kwadi mara ya kwanza mwaka jana, ya kukodisha, nusu saa. Niliposhuka miguu ilikuwa inatetemeka na tabasamu haitoki usoni. Jioni hiyo hiyo tukiwa wanne kwa nyama choma, mmoja wetu akasema: "Si tununue yetu?" Hapo ndipo safari ilianza, na ilibaki kidogo tu iishe kwa kilio. Nitakueleza yote, ya mashine na ya pesa, kwa sababu ukweli ni kwamba hayo mawili hayatengani.

Tulikubaliana kila mtu aweke KSh 8,000 kila mwezi. Baada ya miezi kumi tulikuwa na KSh 320,000, zote zikiwa kwa laini yangu. Shika hilo wazo: pesa za watu wanne, laini moja, mtu mmoja mwenye haraka.

Tangazo nililiona kwa mtandao usiku. Kwadi ya michezo, nyekundu, safi kama imetoka dukani, KSh 310,000. Nikapiga simu. Jamaa alikuwa na adabu sana. "Mkubwa, hii mashine ina watu watatu wanaitaka. Wewe nitumie deposti ya elfu hamsini sasa, kesho asubuhi ukuje uichukue." Nikaingiza namba, nikaweka kiasi, na jina likatokea kwa skrini kabla sijathibitisha. Lilikuwa jina la mwanamke. Nikamuuliza. "Ni laini ya wife, yangu imejaa." Nikamwambia basi nitakuja kesho niione, nilipe hapo hapo. Sauti ikabadilika. Mara niko safarini, mara mashine iko Eldoret, mara "kama hauko siriasi niambie nimpe mwingine." Nikaangalia zile picha tena, safari hii bila tamaa. Nyuma ya kwadi kulikuwa na bango la lugha ambayo sijawahi kuiona Kenya.

Sikutuma. Lakini nisikudanganye, kidole changu kilikuwa tayari kwa PIN.

Kwa nini nakuambia hivi? Kwa sababu watu wengi wanadhani kurudisha muamala ni dawa ya kila kitu. Kurudisha kunamsaidia mtu aliyekosea namba, na hata huyo anafaa kuharakisha. Mwizi haachi pesa zikae. Zikiingia tu, zinatolewa au zinatumwa mbele. Ukishamtumia mtu kwa hiari yako kwa sababu alikudanganya, ripoti mara moja kwa huduma kwa wateja na kwa polisi, lakini usihesabu kwamba utazirudishiwa. Zile sekunde chache jina linapotokea kwa skrini ndizo ulinzi wako mkubwa zaidi. Lisome. Kama si jina la mtu unayeongea naye, ama la biashara unayoijua, bonyeza kufuta.

Basi tukarudi nyuma tukajiuliza swali ambalo tungeanza nalo: tunataka mashine ya kufanya nini?

Kuna jamaa anatembeza watu na kwadi pale juu, tukamlipa saa nzima, si kwa kujiburudisha ila kwa kumuuliza maswali. Hiyo pesa ya kukodisha ndiyo bora zaidi tuliyotumia. Alituonyesha kwamba kwadi ni aina mbili kubwa. Kuna ya michezo, mfano Yamaha Raptor 700: nyepesi, springi zake ni ndefu, inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na ina klachi na gia za kubadilisha mwenyewe. Hiyo ni ya mtu anayependa spidi na kuruka matuta. Halafu kuna ya kazi, mfano Honda Rancher, Yamaha Grizzly au Polaris Sportsman: nzito, nyingi zinaweza kutumia magurudumu yote manne, zina kereni ya kubebea mizigo mbele na nyuma, na nyingi ni otomatiki. Hiyo ndiyo utaona kwa ranchi na mashamba makubwa, ikibeba waya wa ua na magunia ya chakula cha ng'ombe.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa ile nyekundu ya michezo. Yule jamaa akatuuliza: "Mtaendesha wapi?" Tukasema hapa, na kushuka chini bondeni, na wakati wa mvua pia. Akacheka. "Mvua ikinyesha kwa ule udongo mweusi wa pamba, magurudumu mawili ya kuvuta hayakufikishi mbali." Anayeishi Kitengela au Isinya anajua hiyo story. Ule udongo ukilowa unashika tairi kama gundi, unajaa hadi kwa madigadi, na mashine ya kilo karibu mia tatu hamwezi kuibeba mgongoni. Magurudumu manne yanayovuta, na difu inayofungika, si anasa huko.

Jambo lingine ambalo halionekani kwa picha ni kabureta. Kilele cha Ngong kiko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Magadi iko kama mita 600. Juu hewa ni nyepesi. Mashine ya kabureta iliyopangwa kwa hewa ya chini ikipandishwa huko inakula petroli nyingi kuliko hewa, inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Ukiipanga kwa juu, ukishuka Magadi na joto lile inakosa petroli ya kutosha na injini inachemka. Mashine za mfumo wa sindano, zile zinazopima mafuta kwa kompyuta, zinajirekebisha zenyewe. Ni ghali kidogo, na fundi wa kawaida wa boda huenda asizijue. Kwa hivyo kabla ya kununua, tafuta fundi kwanza. Nasema kweli: mtafute fundi kabla ya mashine, umuulize ni modeli gani anaipatia spea bila kuagiza nje.

Na tairi. Tairi za kwadi zinajazwa upepo kidogo sana, mara nyingi kama psi 5 hivi, wakati ya gari la kawaida inafika 30. Zile geji za petroli stesheni zimetengenezewa magari, kwa hivyo hapo chini hazisomi vizuri. Nunua geji ndogo ya presha ya chini. Nunua pia vifaa vya kuziba pancha, maana miiba ya migunga haijali ulilipa pesa ngapi.

Sasa usalama, na hapa sitafupisha. Kwadi inaonekana imara kwa sababu ina magurudumu manne, na hapo ndipo inapoua watu. Zamani zilikuwa na matatu. Honda walianza kuuza yao Marekani mwaka wa 1970, na zilipindua watu wengi hadi zikaacha kuuzwa huko 1988. Ya magurudumu manne ni afadhali, lakini bado inapinduka, na ikipinduka inakuangukia na uzito wake wote. Kwenye kona lazima mwili wako uinamie upande wa ndani. Ukipanda kilima, inamia mbele. Ukishuka, rudisha makalio nyuma. Injini ikizima katikati ya mlima, usijaribu kugeuza mashine kwa upande. Shika breki, shuka upande wa juu, na uombe msaada.

Mafuta yanakanyagwa kwa kidole gumba, si kwa kuzungusha mkono kama boda. Mtu wa boda akishtuka, anashika hendeli kwa nguvu, na kidole gumba nacho kinabonyeza. Mashine inaruka mbele badala ya kusimama. Niliona hiyo ikitokea, mtu akaingia kichakani, akatoka na mikwaruzo tu. Angekutana na jiwe tungekuwa tunaongea mengine.

Kwadi nyingi ni za mtu mmoja. Kiti kuwa kirefu si kwamba ni cha wawili. Kimewekwa hivyo ili dereva aweze kusogea mbele na nyuma. Watoto nao: walio chini ya miaka 16 hawafai kuendesha mashine ya watu wazima, ile iliyo juu ya 90cc, hata kama baba yuko hapo kando anarekodi video. Na lami si yake. Tairi laini na ekseli ngumu ya nyuma hufanya mashine nyingi zigome kukata kona vizuri kwa barabara ngumu. Helmeti, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, glavu, miwani ya vumbi. Hivyo vyote viko ndani ya bei. Sisi tulivisahau, na utaona tulivyolipa.

Baada ya miezi miwili tukapata shamba moja upande wa Naivasha wanauza kwadi yao ya kazi, magurudumu yote manne, imechakaa rangi lakini injini inaongea vizuri. Tulienda na fundi wetu. Aliomba iwashwe ikiwa baridi, kwa sababu mashine iliyopashwa moto kabla hujafika inaweza kuficha mengi. Akaishika tairi moja moja akaitikisa kuona kama beringi zimelegea. Akaangalia buti za raba za ekseli kama zimepasuka, akalala chini akatafuta alama za kuchomelewa kwa fremu. Kisha akasoma namba ya fremu, tukailinganisha na ya logibuku. Siku iliyotangulia nilikuwa nimelipa KSh 550 kwa eCitizen, Paybill 222222, kutafuta rekodi ya namba ya gari na kuona mwenyewe ni nani. Ilikuwa ni jina la shamba. Kama unayonunua haina namba kwa sababu "ni ya shambani tu," dai karatasi za ushuru na risiti ya kwanza. Asiyekuwa nazo, mshukuru uende zako.

Walitaka KSh 340,000. Tukashika hapa, tukaachilia pale, ikaisha 305,000. Muamala mmoja wa simu hauruhusu zaidi ya KSh 250,000, kwa hivyo nikagawa mara mbili: 250,000, halafu 55,000, zote kwa Paybill ya shamba, si kwa simu ya meneja, ingawa alisema ni "rahisi zaidi" kwake. Jina la shamba likatokea, wenzangu watatu wakaliangalia skrini wakiwa nyuma ya bega langu, ndipo nikaweka PIN. Kwa sababu kiwango cha siku ni 500,000 hatukukwama, lakini kama mashine yenu ni ghali zaidi pangeni hilo mapema, msije mkasimama shambani jua likitua. Zile meseji mbili nilizipiga skrinishoti nikazituma kwa grupu yetu, na tukaandikiana mkataba wa kuuziana, sahihi na namba za vitambulisho.

Mmoja wetu alikuwa amependekeza tuchukue mkopo wa simu tuongezee tupate kubwa zaidi. Nilikataa. Mkopo wa siku 30 ni wa dharura ama wa biashara inayozunguka haraka. Kwadi ya kujifurahisha haizalishi kitu cha kuulipa.

Zilibaki KSh 15,000. Pikapu ya kuileta hadi Kiserian ikachukua 8,000. Geji, vifaa vya pancha na oili vikala karibu zote zilizobaki. Hapo ndipo tulikumbuka helmeti.

Kwa hivyo mashine ilikaa wiki tatu chini ya turubai kwa kina mmoja wetu, tukiiwasha tu betri isife, majirani wakituuliza kama imeharibika. Tulikuwa tumekubaliana: hakuna kichwa bila helmeti, hakuna safari. Sasa tuko na tatu. Ya nne tunanunua tarehe 30 mchango ukiingia, na anayekosa zamu yake ndiye anakata nyanya za kachumbari.