Mizani ya Kazi: Takwimu na Dashibodi katika Ujenzi wa Uwanda wa Makonde

Darasa linapojengwa Chiwata, katika ukingo wa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapoinuka kwa ghafla kutoka nchi tambarare ya Masasi kuelekea Newala, watu wanaokaa karibu nalo hawahitaji kuambiwa habari zake, kwa kuwa kila apitaye njiani huona kama msingi umemwagwa, kama kuta zimefika kwenye lenta, kama boma limepauliwa au limeachwa kunyeshewa. Mwenye dhamana ya fedha, aliye Masasi mjini, au Mtwara, au Dodoma, hana fursa hiyo. Yeye huletewa tarakimu, na kwa tarakimu hiyo huamua fedha ziende wapi, nani aulizwe na nani ashukuriwe. Baina ya jicho la mpita njia na tarakimu ya mwenye dhamana upo umbali ambao umekwisha kupoteza mali nyingi katika nchi yetu, na elimu ya kuchambua takwimu za ujenzi, ambayo siku hizi matokeo yake huonyeshwa juu ya kioo cha kompyuta au cha simu kwa jina la dashibodi, muradi wake ni kuufupisha umbali huo.

Haja ya elimu hii ilidhihirika mwaka 2021, Serikali ya Tanzania ilipopata mkopo wa takriban dola milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika mpango uliotokana na mkopo huo ikaazimia kujenga madarasa 15,000 kwa mkupuo mmoja, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila moja kwa shilingi milioni 20, yawe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari 2022. Kazi hiyo ilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambao kwa huo shule au halmashauri hununua vifaa yenyewe na kuwaajiri mafundi wa mahali, chini ya kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi zinazoundwa na watu wa pale pale. Hapana mhandisi, hata awe na bidii ya namna gani, awezaye kuyazungukia majengo 15,000 kwa miguu katika miezi michache. Lazima ayasome yakiwa yamekusanywa katika ukurasa mmoja, mkoa baada ya mkoa na kata baada ya kata, na yale yaliyokwama yajitenge na yale yanayokwenda.

Lakini ukurasa huo unasomwa kwa asilimia, na asilimia ndiyo tarakimu inayodanganya kuliko zote katika kazi ya ujenzi, aghalabu bila ya mtu yeyote kukusudia uongo. Mtendaji akiulizwa ujenzi umefika wapi, hutazama kuta zilizosimama, akaona jengo lina umbo la jengo, akaandika asilimia 70; wala hakuhesabu kwamba bado kenchi na bati, jamvi, lipu, milango, madirisha, rangi na madawati, ambavyo pengine vitakula nusu ya fedha zote. Ndiyo maana wahandisi hawakubali asilimia ya macho. Wao huanza na mchanganuo wa gharama, wakaipa kila hatua uzito wake kwa kadiri ya thamani yake, na hatua ambayo haijakamilika na kukaguliwa haihesabiwi kuwa imekamilika. Tukijaalia, kwa mfano, kwamba msingi ni sehemu 20 katika 100, kuta hadi lenta 25, paa 25, na umaliziaji 30, basi jengo lenye kuta zilizosimama bila ya paa limefika asilimia 45 tu, hata kama kila mpita njia alisifu kwamba limekwisha.

Kipimo hicho kikipatikana kwa insafu, dashibodi huweka mbele ya msomaji hesabu tatu kwa pamoja: kazi iliyopangwa kuwa imefanyika hadi leo, kazi iliyofanyika kwa hakika, na fedha iliyotoka. Tuchukue darasa la shilingi milioni 20 lililopangiwa wiki 12. Mwisho wa wiki ya 6 mpango ulitaka kazi ya milioni 10 iwe imekamilika. Waliopima wamekuta kazi ya milioni 8. Na daftari la malipo linasema milioni 12 zimekwisha kutumika. Mwenye kutazama fedha peke yake atafurahi kwamba asilimia 60 ya bajeti imetumika, na atadhani kazi imeutangulia mpango. Mwenye kuziweka tatu katika mizani moja ataona jambo jingine kabisa, kwamba kazi imechelewa, na kwamba kila shilingi 3 zilizotoka zimezaa kazi ya shilingi 2 tu. Mwendo huo usipotibiwa, darasa la milioni 20 litadai milioni 30. Hii ndiyo faida yake kubwa, nami naiona kuwa ni faida inayotosha kuitetea elimu hii hata kama isingekuwa na nyingine: habari ya hasara hupatikana katika wiki ya 6, nusu ya muda ikiwa bado mbele, wala haingojwi mpaka Mkaguzi Mkuu aje kuikuta jengo likiwa gofu.

Nchi ya Kusini inayo kumbukumbu kubwa ya gharama ya kutoziweka hesabu hizo tatu pamoja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga, uliokusudia kulima ekari 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na Kati kwa gharama ya takriban pauni milioni 25, na sehemu iliyokuwa kubwa kuliko zote ilitazamiwa kuwa katika Jimbo la Kusini, makao yake yakiwa Nachingwea, jirani na Masasi. Mpango huo ulijengwa juu ya safari ya uchunguzi ya wiki chache katika mwaka 1946, na vipimo vya mvua vilivyokuwapo vilikuwa haba mno kwa azma kubwa kama ile. Katika mwaka wa kwanza, huko Kongwa, katikati ya nchi, ekari 150,000 zilitazamiwa kufyekwa na kupandwa. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500, yaani sehemu 5 katika 100. Mhasibu wa leo akiona hesabu kama hiyo katika dashibodi angesimamisha kila kitu kwa muda, aulize. Wakati ule matumizi yaliendelea. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa hadi Nachingwea kwa ajili ya shehena za karanga ambazo hazikutokea, na mpango ulipofungwa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kumeza pauni zaidi ya milioni 36. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari imebaki na inatumika, na hiyo ni bahati ya Mtwara, lakini haikuwa hesabu ya waliopanga.

Walioongoza mpango ule hawakuwa watu wasiojua hesabu. Walikosa kipimo cha ardhi yenyewe, mvua yake na udongo wake, na hapo ndipo ninapowaomba wanaotengeneza dashibodi za ujenzi wa leo watulie kidogo, kwa sababu kosa hilo linaweza kurudiwa kwa kompyuta kwa wepesi zaidi kuliko lilivyofanywa kwa karatasi. Programu nyingi za kusimamia ujenzi hugawa kazi sawasawa kwa wiki, kana kwamba wiki zote ni ndugu. Chiwata wiki haziko hivyo. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, huanza takriban Desemba na kuendelea mpaka Aprili, na katika miezi hiyo njia za udongo zinazopanda ukingo wa uwanda hutitia, na lori la saruji lililotoka Mtwara, ambako kiwanda cha Dangote kilianza kazi mwaka 2015, laweza kulala chini ya mlima. Kabla ya mvua kuna korosho. Kuanzia Septemba nguvu ya watu huhamia mashambani kuokota, na minada ikifunguliwa Oktoba hakuna kamati ya kijiji iwezayo kuwakusanya watu kuchimba msingi kwa wepesi ule wa mwezi Julai. Kiangazi nacho, kilicho bora kwa kufyatua tofali na kupaua, kina taklifu yake ya maji, kwa kuwa udongo wa uwanda hunywa mvua yote ikazama chini sana, na maji ya zege na ya kumwagilia kuta hayana budi kuletwa.

Basi mstari wa mpango katika dashibodi ya uwanda wa Makonde hauna haki ya kuwa mstari mnyoofu. Upande kwa kasi kuanzia Mei hadi Agosti, upunguze kasi wakati wa korosho, na ulale karibu na usawa wakati wa masika. Na gharama ya maji iandikwe peke yake kama kifungu kamili, isifichwe ndani ya bei ya zege iliyonakiliwa kutoka mkoa wenye mito. Mkandarasi au fundi akipimwa kwa mstari wa namna hii, nyekundu ikitokea huwa ni nyekundu ya kweli. Akipimwa kwa mstari wa mahali pengine, kioo kitawaka nyekundu kila Novemba, na baada ya miaka miwili hapana atakayeijali tena rangi hiyo, hata siku itakapokuwa inaeleza wizi.

Iko hatari ya pili, iliyojificha zaidi, nayo ni sifuri. Wizara ya Maji ilipofanya kazi ya kuorodhesha vituo vya maji vijijini nchi nzima, aghalabu baina ya mwaka 2011 na 2013, sehemu ya orodha hiyo ilitolewa hadharani kwa mashindano ya wachambuzi wa takwimu, nayo ilikuwa na vituo 59,400. Katika hivyo, 32,259 vilikuwa vikifanya kazi, 4,317 vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa. Na Mtwara na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa ambayo vibovu vilizidi vizima. Ni hazina kubwa ya maarifa. Lakini katika safu ya mwaka wa ujenzi, vituo 20,709 vimeandikiwa sifuri, na sifuri hiyo maana yake ni kwamba mwandishi hakujua au hakuuliza. Mchambuzi asiye na hadhari akiiamuru kompyuta itoe wastani wa mwaka wa ujenzi, kompyuta itamjibu kwa utii kwamba vituo vya maji vya Tanzania vilijengwa takriban mwaka 1300, miaka 30 kabla msafiri Ibn Battuta hajafika Kilwa. Kosa hilo laonekana kwa sababu ni kubwa mno. Yasiyoonekana ni yale madogo, kama ya darasa lililoandikiwa sifuri ya saruji iliyopokelewa kwa kuwa mtunza stoo alikuwa mgonjwa, au gharama ya sifuri kwa kuwa risiti haijaletwa. Na dashibodi ikayajumlisha yote na kuyapamba kwa rangi. Kila safu inapaswa kuwa na namna yake ya kusema "haijulikani", na idadi ya yasiyojulikana ionyeshwe mbele kabisa, penye kuonekana, pamoja na asilimia ya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Dashibodi nyingi zimetengenezwa zitazame chini tu: zinampima fundi, zinamhesabia mkandarasi siku zake, zinamwandikia mtendaji wa kata asilimia yake. Hazimtazami mwenye kulipa. Katika mikataba ya kimataifa ya ujenzi iitwayo FIDIC, ya mwaka 1999, ambayo hufuatwa katika kazi nyingi kubwa za barabara, mhandisi ana siku 28 za kutoa hati ya malipo baada ya kupokea madai, na mwenye kazi ana siku 56, zikihesabiwa tangu siku ile ile, kulipa. Akichelewa, riba huanza kuhesabika juu yake. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, ambazo 50 za mwanzo, hadi Mnivata, zilitangulia kuwekwa lami, na 160 zilizobaki zikafuata katika sehemu mbili. Katika kazi ya urefu huo, mitambo ikisimama kwa kukosa mafuta kwa sababu hati ya malipo imelala mezani, dashibodi itakayoonyesha kuchelewa kwa mkandarasi bila ya kuonyesha umri wa hati ile imetoa nusu ya ushahidi, na nusu ya ushahidi ni dhuluma. Umri wa kila hati isiyolipwa, kwa siku, na ofisi ambayo imelala ndani yake, ni tarakimu rahisi kuliko zote kuipata, kwa kuwa tayari imo katika mifumo ya malipo ya Serikali. Kinachotakiwa ni nia ya kuiweka mahali ambapo wakubwa na wadogo wataiona kwa pamoja.

Na wadogo hao ni pamoja na kijiji. Kamati ya mapokezi ya Chiwata ndiyo iliyohesabu mifuko ya saruji ikishuka garini na ndiyo iliyotia saini ya mapokezi. Tarakimu ilianzia mikononi mwake, na si adili ikaenda Dodoma isirudi. Haihitaji kompyuta kurudi. Karatasi moja kila wiki mbili, ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, yatosha kubeba hesabu zile tatu, idadi ya mifuko iliyopokelewa na iliyotumika, na picha mbili zenye tarehe zilizopigwa kutoka pembe ile ile ya jengo. Mama aliyeleta maji ya zege akisoma pale kwamba lenta imekamilika, naye ameiona haijafungwa hata nondo, amekwisha kuikagua dashibodi ya taifa kwa gharama ya sifuri. Na apewe namba ya simu ya kupeleka habari hiyo, kisha jibu lake libandikwe katika karatasi ya wiki mbili zinazofuata.

Siku ya makabidhiano, kabla ya kufunga faili, daftari hilo hilo lijazwe mambo machache ambayo waliojenga vituo vile 20,709 vya maji hawakutuachia: mwaka na mwezi kazi ilipokwisha, mahali kwa vipimo vya ramani, jina la aliyejenga, aina ya bati na unene wake, kina cha msingi, na fedha iliyotumika hadi shilingi ya mwisho. Atakayekuja kulitengeneza paa hilo baada ya miaka 20, au kujenga darasa la pili kando yake, ataanza kazi akiwa na kipimo cha Chiwata yenyewe.