Karatasi za Mwisho za Mzimu

Wapo miongoni mwetu, na hasa sisi tukaao maofisini, wanaoamini kwamba mtu wa kijijini hasomi vitabu; na akisoma, basi husoma kile alichopewa na mtaalamu: namna ya kupanda mpunga kwa mistari, namna ya kuchanja kuku. Nasi tulikuwa katika kundi hilo, hatuna haja ya kuficha, mpaka mwaka 2024 safari ya kazi za Chama ilipotufikisha Mvumi.

Msomaji asichanganye. Mvumi tuisemayo siyo ile ya Dodoma, yenye hospitali ya misheni ijulikanayo mbali. Hii ni Mvumi ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, nchi ya mpunga na mahindi. Tulishuka Dumila, kwenye barabara kuu iendayo Dodoma, tukapakiwa juu ya pikipiki, mkoba mapajani na kofia ya mkono tumeikamata kwa kuogopa upepo, tukawasili.

Mkutano ulikuwa uanze saa nne. Saa nne ikaja, ikapita. Tukajiegemeza kivulini, na mbele yetu, penye fundi baiskeli, kulikuwa na benchi moja refu na watu sita au saba waliokuwa wakibishana kwa nguvu. Tulidhani ni Simba na Yanga. Kisha tukasikia mmoja akisema, "Huyo hawezi kuwa yeye. Usiku ule alikuwa wapi? Tuambieni kwanza usiku ule alikuwa wapi!" Mwingine akamjibu kwamba mtu aliyefaidika na kifo ndiye wa kutazamwa kwanza. Hapo moyo ukatushtuka. Tulijiona wageni tulioingia katika kijiji chenye mauaji, na kwa dhamana tuliyokuwa nayo tukaona hatuna budi kwenda kuuliza kama polisi wamekwisha pewa habari.

Walicheka mpaka fundi akaangusha spana. Maiti waliyokuwa wakiigombania imelala ndani ya kitabu tangu mwaka 1960.

Kitabu chenyewe tulikishika. Hakina jalada. Mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa katani, kazi ya mtu aliyejua kushona magunia, na pembe za kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Ni *Mzimu wa Watu wa Kale*, cha Muhammed Said Abdulla. Na kasoro yake ni hii: karatasi za mwisho hazimo. Mwenyewe, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, alikinunua kwa mtu pale Kilosa kikiwa tayari kimekatika, naye tangu siku hiyo amekuwa akikiazimisha kwa kila anayejua kusoma, kwa sharti moja, kwamba akimaliza arudi aseme amemshuku nani na kwa sababu gani.

Tulipotaja kwamba tunatoka Unguja, mzee alitutazama kwa jicho jingine. "Mwanangu," alisema, "kumbe wewe ni mtu wa kwao Bwana Msa." Tukasema naam, na kwamba kitabu hicho tulikisoma chote, na muuaji tunamjua. Tulikuwa tumekwisha fungua mdomo. Mzee akainua mkono. "Usithubutu! Hapa anayetaja muuaji hulipa kahawa ya benchi zima, na mgeni hulipa mara mbili."

Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa Bwana Msa ni nani, lakini vijana wa leo huenda wakahitaji. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia uandishi wa habari, akahariri magazeti, na kwa miaka kumi, tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968, alikuwa mhariri wa *Mkulima*. Hadithi yake ya mzimu ilishinda shindano la uandishi wa Kiswahili lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikachapwa mwaka 1960. Zikafuata *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na nyinginezo, mpaka *Kosa la Bwana Msa* ya mwaka 1984. Alifariki mwaka 1991. Kiko cha Bwana Msa na sahibu yake Najum vinatukumbusha Sherlock Holmes na daktari wake, ambao Mwingereza Arthur Conan Doyle aliwatoa kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Hilo si siri wala si aibu. Lakini lugha aliyomvika ni ya barazani kwetu, yenye vijembe na mafumbo, na mambo anayoyapekua ni ya mirathi, ndoa na nasaba za Unguja, ambayo Mwingereza yule asingeyajua hata kwa ramli.

Basi mkutano ulipozidi kukawia, kwa mara ya kwanza katika utumishi wetu tuliomba moyoni uzidi kukawia. Benchi lile lilikuwa likifanya kazi ambayo maktaba nyingi haziifanyi. Kila mmoja alikuwa na kitabu cha kumsifia mwenzake, na kuisifu hadithi ya upelelezi ni kazi ngumu kuliko idhaniwavyo: sharti umtie mtu njaa bila ya kumwonjesha. Kijana mmoja mwenye pikipiki hakutaka kusikia habari za wazee wenye viko. Yeye na Willy Gamba tu. Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, jasusi kijana anayewindana na mawakala wa makaburu na wakoloni, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Kijana yule hakuwa amezaliwa Kamati hiyo ilipofungwa mwaka 1994. Habari zake hakuzipata darasani. Alizipata kwa Willy Gamba, baina ya risasi moja na nyingine. Tulimwuliza kama alijua kwamba Musiba, aliyefariki mwaka 2010, aliwahi kuwa kiongozi wa chemba ya wafanyabiashara, viwanda na kilimo ya Tanzania. Hakujua, na alionekana kupungukiwa kidogo na raha, kama mtu aliyeambiwa kwamba simba alikuwa na cheti cha uhasibu.

Mama auzaye vitumbua, ambaye tulidhani hasikilizi, aliingilia kati kumtetea Joram Kiango. Huyo ni wa Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma aliyetutoka mwaka 2008. Hoja ya mama yule ilikuwa nzito: Willy Gamba anatumwa na serikali na nyuma yake lina jeshi, ila Joram hatumwi na mtu, na akikosea analala njaa. "Anafanana na sisi," alisema, akageuza kitumbua. Alimshauri kijana aanze na *Dimbwi la Damu*, na asikisome usiku peke yake. Mzee wa reli, kwa upande wake, alisikitikia *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, iliyochapwa mwaka 1965, ambayo aliwahi kuwa nayo akaiazima kwa mtu, na mtu akahama nayo. Kwa jinsi alivyokisimulia kifo cha kwanza, kisha akanyamaza ghafla, sisi wenyewe tuliikumbuka tukataka kuirudia jioni ile ile.

Tunajua kwamba maneno haya yatawakera baadhi ya wakubwa zetu. Tangu zamani vitabu vya aina hii vimetazamwa kwa dharau. Wataalamu wameviita vya kupitishia wakati, walimu wamevinyang'anya madarasani, na sisi tuliosoma shule za serikali miaka ya 1990 tunakumbuka viboko tulivyokula kwa ajili ya kitabu kilichofichwa ndani ya daftari la jiografia. Ipo sehemu ya dharau hiyo iliyo ya haki. Katika vijitabu vilivyotapakaa miaka ya 1980 vimo vilivyoandikwa kwa haraka, vyenye ulevi na mwili wa mwanamke katika kila ukurasa wa tatu, na hatuwezi kuvipendekeza kwa binti zetu. Hata Willy Gamba mwenyewe, kwa adabu zake mbele ya wanawake, angetolewa katika kikao chochote cha Umoja wa Vijana. Lakini samaki mmoja akioza hatumwagi jahazi zima.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wazima kwa mamilioni wakashika kalamu. Serikali ya wakati ule iliona mapema hatari ya mtu kujua kusoma kisha akasahau, ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini. Makabati mengi yalijazwa vitabu vya kilimo bora na afya ya mtoto, na vilikuwa vya lazima. Ila mtu akishajua namna ya kuchimba choo hasomi tena kitabu cha choo. Cha Bwana Msa husomwa mara ya pili, ili kuona pale mwandishi alipokuchezea shere.

Na hapa ndipo tulipoguswa zaidi, wala halikuwa jambo la kuchekea. Mzee wa reli alisema, kwa sauti ya chini na bila ya kutaja jina wala mahali, kwamba aliwahi kushuhudia mwanamke mzee akifukuzwa nyumbani kwake kwa sababu mtoto wa jirani alikufa na mtu akasema ameota. Hakuna aliyeuliza mtoto aliugua nini, tangu lini, na alipelekwa zahanati siku gani. "Kitabu hiki," akakigonga kwa kidole, "kila mtu anasema mzimu umeua. Mtu mmoja tu anauliza mzimu una mikono?" Huo ndio uti wa mgongo wa riwaya yote, na tulikuwa tumeisoma mara tatu bila ya kuutia maanani. Sisi wa visiwani tulilelewa kwa hofu ya Giningi, mji wa wachawi usioonekana. Mwandishi wetu akalichukua jina lile lile la kutisha, akalitia katika anwani ya kitabu ambacho ndani yake akili ndiyo inayoshinda. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na bado vikongwe wameuawa kwa wekundu wa macho, wekundu uliotoka katika moshi wa kuni walizopikia watoto wetu. Sheria peke yake haijatosha. Chuoni tulifundishwa kwamba mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Benchi la Mvumi limelipata funzo hilo kwa njia ya maiti ya kubuni, na linalifanyia mazoezi kila siku kwa kuulizana usiku ule alikuwa wapi.

Kwa hiyo tunapenda kuwaambia maofisa wa elimu na utamaduni, Bara na Visiwani, kwamba jambo hili linawahusu. East African Literature Bureau ilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na vitabu vingi ilivyovizaa havionekani tena dukani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ni jambo jema, nasi tunaiunga mkono. Lakini hiyo ni kwa waandishi wapya. Nani atachapa upya vile vya zamani ambavyo wananchi tayari wamevichagua, wakavishona kwa katani ili visife? Kuwatafuta warithi wa haki za waandishi na kuafikiana nao ni kazi ya ofisi, si ya mwuza vitumbua. Nakala tano kwa kila kata zingegharimu chini ya posho za semina moja, na tunasema hivyo tukiwa tumehudhuria semina nyingi.

Mkutano ulianza saa saba kasorobo. Hotuba yetu tuliifupisha.

Tuliporudi Unguja tulikwenda kwa sahibu yetu mmoja wa Mji Mkongwe ambaye haazimishi vitabu, tukamsihi, akakubali kutoa nakala ya karatasi za mwisho mbele ya macho yake. Tukazitia katika bahasha, tukaifunga kwa gundi, tukaandika juu yake kwamba isifunguliwe ila kwa idhini ya benchi, tukampa dereva wa basi aliyeahidi kuifikisha Dumila. Wiki ya pili simu ikaja. Bahasha imefika salama, alisema fundi baiskeli, na imetundikwa ukutani kwa msumari. Haijafunguliwa. Wamekubaliana kwamba kwanza kila mmoja aandike katika karatasi jina la anayemshuku pamoja na ushahidi wake, na wawili kati yao wameomba muda zaidi ili wasome tena tangu mwanzo. Mama wa vitumbua amekwisha andika lake, amelikunja, na hataki mtu aliguse. Mzee wa reli anatusalimu, na anauliza kama *Kisima cha Giningi* tunaweza kukipata kikiwa kizima.