Mwembe Uani mwa Kanisa

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya mwembe mmoja ulioko uani mwa kanisa letu, upande wa Msambweni. Tuliununua ukiwa mche uliopandikizwa ngowe. Tuliutilia maji, tukauwekea samadi, tukauzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie. Ukakua, ukatoa kivuli, na akina mama wakawa wakiketi chini yake baada ya ibada. Mwaka wa 7 ukazaa. Tulichuma embe la kwanza kwa furaha, kumbe lilikuwa dogo, limejaa nyuzi, wala si ngowe hata kidogo.

Wengine wetu tulisema muuzaji ametudanganya. Basi tukamwita bwana shamba. Yeye hakutazama matunda, bali alipiga magoti akatazama shina. Karibu na ardhi akatuonyesha kovu la kijiti kikavu, gome limekaribia kulimeza. "Ngowe yenu ndiyo hii," akasema. "Ilikufa zamani. Miaka yote hii mmetunza mti mwingine."

Tukamwomba atueleze. Alisema kwamba mche uliopandikizwa ni miti miwili iliyokubali kuishi pamoja. Wa chini ni mwembe wa kienyeji, uliooteshwa kwa kokwa mbichi, maana kokwa ikikaa majuma mengi hupoteza uhai wake. Huo ndio wenye mizizi ya nguvu. Wa juu ni kikonyo, yaani kijiti cha sentimeta 10 hadi 15 kilichokatwa katika mti wenye matunda mazuri. Majani yake huondolewa siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, ili macho yavimbe tayari kuchipua.

Mche ukifikia unene wa kalamu ya risasi, hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati. Kikonyo huchongwa kama kabari, kikatiwa katika ule mpasuo, kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni. Siri yote iko chini ya gome, penye utando mwembamba wa kijani. Utando wa kikonyo na utando wa mche lazima ugusane, hata ikiwa ni upande mmoja tu. Usipogusana, kikonyo hukauka.

Tena lazima wawe wa jamaa moja. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na hapa Kwale twaviona vikiota shamba kwa shamba, lakini ukipandikiza mwembe juu ya mkorosho haushiki. Embe kwa embe ndiyo hupatana. Hata hapo, mzizi huchaguliwa kufuata udongo. Kule Israeli wakulima walichagua shina waliloliita 13-1 kwa sababu huvumilia chokaa na maji yenye chumvi. Sisi tunaolima juu ya mawe ya matumbawe karibu na pwani ya Diani twaelewa faida ya mzizi kama huo.

Sasa kosa letu lilikuwa wapi? Machipukizi yakitokea chini ya kiungo, hayo ni ya mti wa chini, nayo yapasa kuondolewa mara moja. Sisi tulipoyaona tulifurahi, tukasema mche umestawi. Yakanyonya nguvu yote, na kikonyo kikafa juu yake. Basi muuzaji hakuwa na hatia. Tulikuwa tumemsingizia mtu bure, na ilitubidi kwenda kumwomba radhi.

Ndugu, Mtume Paulo katika Warumi sura ya 11 anasema habari ya kupandikiza. Tofauti ni kwamba wakulima huweka tawi jema juu ya mzizi wa kienyeji, lakini yeye anasimulia tawi la mzeituni mwitu lililotiwa katika mzeituni mwema, naye mwenyewe akiri kwamba jambo hilo si la kawaida ya mti. Alitaka tawi lisijivune, bali likumbuke kwamba linabebwa. Sisi nasi tulijifunza neno lingine katika mwembe wetu: majani mengi si ushahidi. Mtu aweza kumwagilia kwa bidii kile kinachochipuka chini ya kiungo, akakiita baraka.

Je, tuukate? Tulibishana sana, kwa ajili ya kivuli cha akina mama. Bwana shamba akatupa njia. Tuliyapunguza matawi makubwa, tukaacha machache ya kuulisha mti, tukangoja machipukizi mapya, na juu ya yale yenye nguvu tukapandikiza ngowe. Majuma machache baadaye macho ya vikonyo kadhaa yalifunguka. Mzizi ule ule tuliokuwa tukiulaumu ndio unaoyalisha.

Kwa hiyo kila Jumamosi mmoja wetu huzunguka mti ule akiwa na kisu, akitazama chini ya kila kiungo. Nawe, msikilizaji, kabla hujasifu majani ya mche wako, piga magoti utazame shina. Bwana awe nanyi.