SINDANO MBOVU HUHARIBU SANTURI

Wenye santuri za zamani huko Kitale na Bungoma yafaa wafahamu kwamba sauti njema hutegemea sindano kwanza. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika zina mifuo mipana, nazo hutaka ncha nene kiasi cha mara tatu kuliko ile ya santuri za plastiki za mizunguko 33, zilizotokea Marekani mwaka 1948. Ncha nyembamba katika mfuo mpana huyumba na kukwaruza. Ncha nene katika mfuo mwembamba huuharibu.

Sindano ya chuma ya gramafoni ya mkono hulika upesi, basi ibadilishwe kila upande mmoja upigwapo. Sindano ya almasi hudumu sana, walakini nayo huisha. Kichwa kinachoishika kikiwa kizito mno, mifuo husagika. Kikiwa chepesi mno, sindano hurukaruka.

Litungu la Wabukusu lina nyuzi saba; sindano iliyochakaa huzifunika kwa mavumi. Kwa hiyo, kabla ya kupiga santuri, futeni vumbi na kuitazama ncha. Mfuo uliokwisha kukatwa hauna dawa, na pengine santuri hiyo ndiyo sauti pekee iliyobaki ya mwimbaji aliyekwisha kufariki.