Riluzoli: dawa inayonunua miezi

Desemba 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha riluzoli, kidonge cha miligramu 50 kinachomezwa asubuhi na jioni. Ilikuwa dawa ya kwanza kupata kibali dhidi ya ALS, maradhi yanayoua seli za neva zinazoamrisha misuli. Mgonjwa huanza kwa kuangusha kikombe au kujikwaa ovyo. Baadaye ulimi unakuwa mzito, na mwishowe misuli ya kupumulia inachoka.

Mshukiwa mmojawapo wa vifo vya seli hizo ni glutameti, kemikali ambayo seli ya ubongo huitoa ili kuiamsha jirani yake. Bila hiyo hatujifunzi wala hatukumbuki. (Ndiyo hiyo hiyo Mjapani Kikunae Ikeda aliyoitoa kwenye mwani mwaka 1908, ikaishia kuwa kiungo cha mchuzi.) Balaa ni ikizidi. Mwaka 1969 Mmarekani John Olney alionyesha kuwa panya wachanga waliodungwa glutameti nyingi waliharibika ubongo. Seli inayoamshwa mfululizo huacha milango yake wazi, kalisi hufurika ndani, na vimeng'enya vya seli yenyewe huanza kuitafuna.

Riluzoli hubana milango ya sodiamu, hasa ya seli zinazofyatua umeme kupita kiasi, hivyo glutameti inayomwagwa hupungua. Inaonekana pia kuzihimiza seli saidizi za ubongo kuifyonza ile iliyokwisha kumwagwa. Hupunguza tu, haizimi.

Na faida yake? Hapa matangazo hupenda kuvuta maneno. Katika jaribio la wagonjwa 155 lililochapishwa 1994, baada ya mwaka mmoja asilimia 74 ya waliotumia dawa walikuwa hai, dhidi ya 58 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa wastani majaribio yaliipa miezi miwili au mitatu ya ziada. Nguvu zilizopotea hazirudi, na ini lazima lipimwe mara kwa mara. Ni kidogo, lakini sioni haki ya mwenye afya kuidharau miezi ya mwenzake.

Maabara, kwa upande wake, imeifaidi zaidi. Mtafiti akitaka kujua kama mkondo wa sodiamu ndio unaochochea neva fulani, huidondoshea riluzoli tishu hai na kusoma umeme wake. Imejaribiwa pia kwa sonona sugu, kwa mawazo yanayomlazimisha mtu kurudiarudia jambo, na kwa majeraha ya uti wa mgongo. Matokeo yamekuwa mchanganyiko, na mara nyingi vikundi vilivyopimwa vilikuwa vidogo.

Kuna jambo lililochelewa mno. ALS huiba koo, na kidonge kikisagwa ili kimezeke hutia ganzi mdomoni, kwa mtu ambaye tayari anapaliwa. Riluzoli ya maji ilipata kibali Marekani mwaka 2018, miaka 23 baada ya kidonge.