Nani Awe Mlinzi wa Mbio? Dawa za Kuongeza Nguvu na Wakimbiaji wa Mbulu na Hanang

Jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, giza lilikuwa limekwisha kuingia katika uwanja mkuu wa Mexico City wakati mkimbiaji wa mwisho wa marathoni alipowasili. Mshindi wa mbio hizo, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Mkimbiaji huyo wa mwisho alikuwa John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ambaye goti lake lilikuwa limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani. Wakimbiaji 75 walianza mbio hizo. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Tangu siku hiyo jina lake limekuwa mfano wa ustahimilivu duniani kote.

Jambo lisilokumbukwa na wengi ni kwamba mwaka huohuo wa 1968 ndipo wanamichezo wa Olimpiki walipoanza kupimwa ili kugundua kama wametumia dawa. Katika michezo ya Mexico alipatikana mmoja tu: Hans-Gunnar Liljenwall wa Uswidi, aliyekutwa na pombe mwilini, na timu yake ikanyang'anywa medali ya shaba. Kwa hiyo, sifa ya wakimbiaji wa nyanda za juu za Mbulu na upimaji wa dawa katika Olimpiki ni mambo yaliyokua pamoja. Hapana budi basi kuuliza: je, ni nani anayepaswa kuzilinda mbio dhidi ya dawa? Ni dunia, ni taifa, au ni wilaya anakotoka mkimbiaji?

Hewa nyembamba na damu nzito

Ili kulielewa swali hili, yafaa kuanza na mwili wenyewe. Sehemu kubwa ya nyanda za Mbulu na Hanang ipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Hanang hufikia takriban mita 3,420. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua. Penye mita 2,000 kanieneo hiyo huwa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano, na kileleni mwa Hanang kwa karibu theluthi moja. Kila pumzi basi huingiza oksijeni kidogo zaidi.

Mwili haukubali upungufu huo bila kujitetea. Figo hutambua kuwa oksijeni ni haba, nazo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo kwa kifupi huitwa EPO. Homoni hii huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi, na chembe hizo ndizo zenye himoglobini inayobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na kila chembe huishi kwa muda wa siku 120 hivi.

Wataalamu walipofaulu kuitengeneza EPO katika maabara, iliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1989 kuwa dawa ya wagonjwa wenye upungufu wa damu unaotokana na maradhi ya figo. Lakini watu wasio waadilifu waliona upesi kwamba kile ambacho mlima humpa mkimbiaji taratibu, sindano ingeweza kumpa kwa haraka. Kosa la hesabu hiyo ni kwamba mwili unaojirekebisha wenyewe huwa na kipimo chake, bali sindano haina. Damu iliyojaa chembe kupita kiasi huwa nzito, moyo huisukuma kwa taabu, nayo huweza kuganda ndani ya mishipa.

Kipimo cha kuigundua EPO katika mkojo kilianza kutumika katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mwaka 2009 likaongezwa jambo jingine, yaani pasi ya kibiolojia ya mwanamichezo. Badala ya kutafuta dawa yenyewe, wataalamu huifuatilia damu ya mtu huyohuyo kwa miezi na miaka, na mabadiliko yasiyo ya kawaida huchunguzwa. Mkimbiaji huulizwa pia kama amekaa mahali pa juu, kwa sababu mlima wenyewe huibadili damu. Bila kumbukumbu hiyo, mtu aliyetoka kufanya mazoezi milimani angeweza kutiliwa shaka bure.

Farasi walitangulia

Upimaji huu haukuanzia kwa binadamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Ulaya, wenye farasi wa mashindano walishukiwa kuwapa wanyama wao vichangamshi, na kufikia mwaka 1910 hivi wakemia walikuwa wameanza kuyapima mate ya farasi. Binadamu walisubiri zaidi ya nusu karne.

Mbio za farasi zina funzo jingine kuhusu mamlaka. Nchini Marekani kila jimbo lilikuwa na tume yake na kanuni zake. Farasi aliyefanya mazoezi katika jimbo moja aliweza kukimbia katika jimbo la pili na kukuta kiwango kingine cha dawa na adhabu nyingine. Isitoshe, majimbo yalishindana kuwavuta wenye farasi, na jimbo lenye ukali lilihofia kuwapoteza. Baada ya mabishano ya miaka mingi, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria moja ya taifa mwezi Desemba 2020, na kanuni zake za dawa zikaanza kutumika Mei 2023 chini ya mamlaka moja. Majimbo kadhaa, likiwemo Texas, yalipinga mahakamani yakidai kwamba haki yao imeporwa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: walioishi karibu na viwanja walisema kuwa wanawajua farasi na watu wao kuliko ofisi iliyo mbali.

Dawa iliyozusha ubishi mkubwa ni furosemidi, ambayo huongeza mkojo. Kwa miongo mingi farasi wa Marekani walidungwa dawa hiyo siku ya mbio ili kupunguza kutoka damu mapafuni, hali Uingereza iliikataza siku hiyo. Dawa hiyohiyo hutumika katika hospitali za Tanzania kwa wagonjwa wa moyo na wenye miili iliyovimba. Kwa mwanariadha imekatazwa wakati wote, kwa kuwa huupunguzia mwili maji na kuweza kuficha dawa nyingine katika mkojo.

Mwili mmoja, sheria nyingi

Hapo ndipo mkimbiaji wa Hanang anapokutana na tatizo la farasi wa Marekani. Yeye hufanya mazoezi Katesh, hushindana Arusha au Dar es Salaam, huvuka mpaka kwenda Kenya, kisha huitwa kukimbia Ulaya au Asia. Mfano mzuri ni mirungi. Nchini Kenya mmea huo ni zao la biashara. Nchini Tanzania ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku. Na katika mashindano, kemikali yake iitwayo kathini huwa kosa ikizidi mikrogramu 5 katika kila mililita ya mkojo. Mpaka wa nchi hubadili sheria, lakini haubadili kemia ya mwili.

Hatari nyingine hutoka katika dawa za kawaida. Baadhi ya dawa za mafua zina efedrini au pseudoefedrini, ambazo hukatazwa zikizidi kiwango fulani siku ya mashindano. Tangu Januari 2022, sindano zote za jamii ya kotikosteroidi zinazotumiwa kutuliza uvimbe wa viungo zimekatazwa wakati wa mashindano. Tramadoli, dawa ya maumivu, ilikatazwa vivyo hivyo kuanzia Januari 2024. Orodha hiyo hutolewa kila mwaka na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Michezoni, WADA, lililoanzishwa mwaka 1999.

Mfugaji wa Kibarabaig au wa Kiiraqw hatashangazwa na jambo hili. Ng'ombe aliyedungwa dawa ya viuavijasumu, maziwa yake hayafai kunywewa mpaka zipite siku zilizoandikwa na mtengenezaji, ijapokuwa mnyama anaonekana amepona. Mwili wa mkimbiaji nao hubaki na dawa baada ya maumivu kwisha. Tofauti ni kwamba kanuni ya michezo humwajibisha mkimbiaji kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na mtu mwingine. Adhabu ya kutumia EPO kwa kawaida ni kufungiwa miaka 4. Kwa kijana ambaye miguu yake ndiyo shamba lake, miaka minne ni sehemu kubwa ya umri wa kukimbia.

Kila ngazi na kazi yake

Tanzania si shirikisho la majimbo kama Marekani, lakini mgawanyo wa madaraka upo. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Zanzibar ina baraza lake la michezo na wakala wake wa chakula na dawa. Ubora wa dawa Tanzania Bara husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nayo maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003, hukaguliwa kwa ushirikiano na halmashauri. Katika udhibiti wa dawa michezoni, Tanzania imo pia katika ushirikiano wa Kanda ya Tano ya Afrika.

Ikiwa kila wilaya ingeachiwa kanuni yake, yangetokea yale yaliyotokea kwa majimbo ya Marekani. Wilaya hufurahia mabingwa wake, na anayefaidika na ushindi si mwamuzi mwema wa usafi wa ushindi huo. Hoja hii huligusa hata taifa zima. Mwezi Mei 2016, WADA ilitangaza kuwa Kenya haikuwa imetimiza masharti, kwa sababu sheria yake mpya haikulingana na kanuni za dunia. Bunge la Kenya liliirekebisha sheria hiyo, na nchi ikarudishwa mwezi Agosti, siku chache kabla ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Ni dhahiri basi kwamba kanuni, orodha, vipimo na adhabu havina budi kuwa kimoja kwa wote, na mpimaji awe mtu asiye na timu.

Hata hivyo, kanuni iliyoandikwa mbali haimfikii mtu kwa miguu yake yenyewe. Sampuli ya damu kwa ajili ya pasi ya kibiolojia hutakiwa kupozwa na kupimwa mapema, na hadi maabara ya Nairobi ilipoidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2018, umbali ulikuwa kikwazo kikubwa kwa Afrika Mashariki. Vilevile orodha ya WADA haimsaidii kijana wa Haydom au Dongobesh ikiwa muuza dawa, tabibu na kocha wake hawajapata kuiona. Hapa ndipo waliotetea majimbo walipokuwa na haki: aliye karibu huona kwanza. Wilaya haifai kuwa hakimu wa mbio, lakini hakuna awezaye kuishinda katika kazi ya kinga. Mkaguzi wa duka la dawa, mganga wa zahanati na mwalimu wa michezo huweza kuzuia kosa kabla halijafika maabara.

Wajibu wa shule

Mwanafunzi anayekimbia leo katika mashindano ya UMISSETA huenda kesho akapimwa. Mwalimu wa biolojia anaweza kumfundisha kazi ya figo na uboho kwa mfano wa mlima anaouona dirishani. Mwalimu wa kemia anaweza kuleta darasani maboksi matupu ya dawa ili wanafunzi wasome jina la kemikali badala ya jina la biashara. Naye kijana azoee kuuliza maswali matatu kabla ya kumeza au kudungwa chochote: kemikali hii inaitwaje? Je, imo katika orodha ya mwaka huu? Na kama ugonjwa unailazimu, je, daktari ataandika maombi ya ruhusa ya matibabu? Mgonjwa asikose dawa kwa kuogopa kipimo. Ruhusa hiyo imewekwa kwa ajili yake.

Mwezi Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa unaopakana na Hanang, alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Katika mbio zenye tofauti ndogo namna hiyo, dawa kidogo ingetosha kumwibia mtu haki yake. Kanuni moja ya dunia humlinda mkimbiaji safi akiwa Tokyo. Akiwa bado Katesh au Mbulu, watakaomlinda ni watu wanaomjua kwa jina.