Kidonda cha kinywani kikipita wiki mbili, usikidharau

Ukifika Keringet asubuhi na mapema, kabla jua halijapenya ukungu, utawakuta watu wamejaa katika hoteli ndogo zilizo kando ya barabara itokayo Molo kwenda Olenguruone. Kila mmoja ameshika kikombe cha chai ya maziwa kwa mikono miwili, na mvuke unampanda usoni. Safari moja niliketi huko meza moja na kijana dereva wa matatu aliyekuwa amekwisha kujua kazi yangu. Kikombe changu kilikuwa bado kinanichoma vidole alipomaliza chake kwa mafunda manne, akapangusa midomo na kuagiza kingine.

"Ndugu yangu, huungui?" nikamwuliza.

"Daktari, kinywa changu kishazoea," akanijibu huku akicheka. "Chai ikipoa ni maji tu."

Wengi wetu tungejibu vivyo hivyo. Lakini je, msomaji, ni kweli kwamba kinywa huzoea? Ili tupate jibu, yafaa kwanza tuutazame ukuta wa ndani ya kinywa na jinsi ulivyojengwa.

UKUTA WA SAFU NYINGI

Simama mbele ya kioo, fungua kinywa na uvute shavu kwa kidole. Utaona utando laini, wa rangi ya waridi, unaong'aa kwa mate. Tabaka lake la juu limejengwa kwa chembe hai, yaani seli, zilizopangwa safu juu ya safu mithili ya matofali. Shavuni tabaka hili lina unene wa karibu nusu milimita tu, na ndani yake hamna mshipa hata mmoja wa damu.

Chini yake kuna tabaka la pili, la nyuzinyuzi imara. Humo ndimo ilimo mishipa midogo ya damu, mishipa ya fahamu, na seli za kinga zinazopambana na viini vya maradhi. Chakula cha seli za juu hupenya kutoka huko chini. Rangi unayoiona kwenye kioo ni ya damu hiyo ikionekana kupitia tabaka la juu, na ndiyo sababu daktari hukutazama mdomo na macho anapotafuta dalili za upungufu wa damu.

Kazi kubwa hufanywa na safu ya chini kabisa ya seli. Hizi hugawanyika mchana na usiku. Kila seli mpya huisukuma iliyo mbele yake kwenda juu. Ikipanda hubadilika umbo na kuwa bapa, na hatimaye ikifika juu hubanduka na kumezwa pamoja na mate bila wewe kujua. Shavuni safari hiyo huchukua muda wa kama wiki mbili. Ngozi ya mkono huhitaji mwezi mmoja au zaidi.

Mkulima wa majani chai wa Keringet ataelewa jambo hili haraka. Akichuma leo, baada ya siku saba hadi kumi na nne hurudi kwenye kichaka kile kile akakuta machipukizi mapya. Ndivyo ulivyo ukuta wa kinywa. Ukijiuma shavu au ukiungua kwa kiazi kilichotoka jikoni, seli za chini huchipuka na kuziba pengo, mradi tu shina halijadhurika.

SI SEHEMU ZOTE ZILIZO SAWA

Ukuta huu haukujengwa kwa namna moja kila mahali. Kwenye ufizi na kaakaa gumu, mahali ambapo chakula husagwa na kusuguliwa, seli za juu zimejaa keratini, kitu kile kile kigumu kinachofanya kucha na nywele. Tena utando wa hapo umeshikamana sana na mfupa, hautikisiki.

Mashavuni, ndani ya midomo, chini ya ulimi na kwenye kaakaa laini, hali ni nyingine. Hapo pahitaji kunyumbuka unapozungumza, unapotafuna na unapomeza, kwa hiyo hamna gamba la keratini. Chini ya ulimi utando ni mwembamba zaidi, hata mgonjwa wa moyo akiweka kidonge chake hapo, dawa huingia katika damu kwa dakika chache.

Uso wa juu wa ulimi una sura yake ya pekee, umejaa vinundu vidogo vidogo, na baadhi yake hubeba viungo vya kuonja ladha.

Sasa turudi kwa yule dereva. Kinywa chake hakikuota gamba jipya kwa ajili ya chai. Alichojifunza ni kuipitisha upesi isikae ulimini. Na ikipita kinywani inakwenda wapi? Inaingia katika umio, ule mrija wa kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Umio umetandikwa ndani kwa ukuta wa aina ile ile ya shavuni, safu juu ya safu za seli, bila gamba la keratini. Ni kama kitambaa kimoja kilichoanzia kinywani kikaendelea hadi kwenye mlango wa tumbo. Tofauti ni kwamba kinywa waweza kukitazama kwa kioo. Umio huuoni.

MARADHI YA UKANDA WETU

Sehemu ya magharibi ya Bonde la Ufa ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya umio huonekana kwa wingi. Ukiifuata barabara ya Keringet ukapita Olenguruone utaingia kaunti ya Bomet, iliko hospitali ya Tenwek, ambayo kwa miaka mingi imewahudumia wagonjwa wa maradhi haya. Baadhi yao ni vijana wasiofika hata miaka 30.

Mwaka 2016 madaktari wa Tenwek na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 305 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Waliwapitishia mrija wenye kamera na kuupaka umio wao dawa ya ayodini. Seli zenye afya huwa na akiba ya sukari, nazo zikipata ayodini hugeuka rangi ya kahawia. Seli zilizoanza kuharibika huwa hazina akiba hiyo, hubaki zimepauka. Kwa njia hiyo waligundua kwamba karibu watu 14 katika kila 100 walikuwa na seli zilizokwisha kuanza kubadilika. Si kwamba wote hao wangepata saratani, lakini mabadiliko kama hayo ndiyo hutangulia saratani.

Mwaka uo huo, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda vinasababisha saratani ya umio. Kosa si la majani ya chai, ni la moto. Mwaka 2019, utafiti uliofanyiwa Eldoret ulionyesha kwamba wanywaji wa chai ya moto sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi haya kuliko wanaoinywa ikiwa imepoa kidogo.

Keringet iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 94. Hata hivyo, kutoka hapo hadi 65 ni mbali. Isitoshe, chai yetu huchemshwa pamoja na maziwa kisha ikahifadhiwa kwenye themosi, hivyo hakuna kitu baridi kinachoongezwa kikombeni cha kuipoza.

Kwa nini moto ulete saratani? Kumbuka zile seli za chini. Ukiungua mara moja kwa mwaka, huziba pengo na kutulia. Ukiungua mara nne kwa siku, miaka ishirini mfululizo, hazipati nafasi ya kupumzika. Kila zinapogawanyika huweza kutokea kosa katika kunakili maagizo ya uhai wake, na makosa yakilimbikizana hutokea seli isiyosikia amri ya kuacha kukua. Tumbaku, iwe sigara au ugoro, pamoja na pombe, huzidisha hatari hiyo, kinywani na katika umio vilevile.

WAWILI NILIOWATIBU

Mzee mmoja aliletwa kwangu na wanawe. Alianza kwa kukwamwa na nyama, akaacha nyama. Kisha ugali ukawa haushuki bila maji. Alipofika kwangu alikuwa akinywa uji tu, na suruali ameifunga kwa kamba. Kila mara alijiambia kwamba ni uzee. Tukampeleka hospitali kubwa, akawekewa mrija wa kuzibua njia, akaweza tena kula pamoja na wajukuu kwa miezi michache. Kumponya ilikuwa tumechelewa. Umio ni mrija unaotanuka, na mara nyingi chakula hakianzi kukwama mpaka uvimbe umekwisha kuziba nafasi kubwa.

Wa pili ni mama mkulima wa viazi. Alikuwa na kidonda pembeni mwa ulimi kwa miezi mitatu. Alikuwa akikipaka chumvi na ile dawa ya rangi ya zambarau. Nilipochungulia nikaona jino lililovunjika likimchoma pale pale. "Daktari, niambie ukweli, ni saratani?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mama, tuondoe jino kwanza, kisha tuhesabu siku." Jino likang'olewa, na wiki mbili baadaye alirudi ulimi wake umepona. Lau usingalipona, ningalimpeleka akatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe kwa darubini.

HESABU SIKU

Vidonda vingi vya kinywani si saratani, usije ukakosa usingizi bure. Hutokana na kujiuma, kuungua au jino bovu, na vingine hujitokea tu. Hupona kwa siku saba hadi kumi na nne kwa sababu ukuta mzima umekwisha kujengwa upya. Kwa hiyo kipimo cha kwanza unacho nyumbani, nacho ni kalenda. Kidonda kilichopita wiki mbili kina kitu kinachokizuia kupona, na kitu hicho lazima kitafutwe. Zikifika wiki tatu, usingoje hata siku moja zaidi.

Muone pia daktari au mhudumu wa meno upesi ukiona alama nyeupe isiyofutika, alama nyekundu laini kama mahameli, kivimbe kigumu, au ganzi ya ulimi au mdomo. Utando mweupe unaofutika kwa kitambaa aghalabu ni ukungu wa kinywani. Kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida, lakini kwa mtu mzima yafaa apimwe sukari na virusi vya UKIMWI, maana huenda kinga imepungua.

Tena usipuuze usafi wa meno. Watafiti wale wa Eldoret waliona kwamba wagonjwa wa saratani ya umio walikuwa na meno yaliyooza au kung'oka, na alama nyeupe kinywani, kuliko watu wengine. Haimaanishi kwamba jino bovu ndilo lililoleta saratani, bali kinywa chaweza kukuonya juu ya yale yasiyoonekana. Na chakula kikianza kukukwama, hata kama ni nyama peke yake, usibadilishe chakula. Nenda ukapimwe.

Kuhusu chai, sikuambii uiache. Mimi mwenyewe siwezi kuanza siku bila hiyo. Imimine kikombeni, kisha ngoja dakika tano hadi kumi, au uimiminie kutoka kikombe hadi kikombe kama mama zetu walivyotupozea tukiwa watoto. Ikiwa unalazimika kuivuta pamoja na hewa ndipo uweze kuimeza, bado ni moto mno.

Yule dereva nilimweleza haya yote huku kikombe chake cha pili kikingoja mezani. Abiria walipokwisha kujaa, utingo akapiga honi kumwita. Akakinyanyua, akaonja, akanitazama.

"Kumbe bado ina sukari," akasema, akainywa na kuondoka.